Shule ya msingi ya serikali yenye ufaulu wa asilimia 97: kabla hujamhamisha mtoto, uliza walioandikishwa walikuwa wangapi

Mjumbe wa Kamati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, mtaani huanza msimu wa kuhama. Mzazi anafungua ukurasa wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwenye simu, anachagua mkoa, anachagua halmashauri, anaona shule ya kata ya jirani imefaulisha karibu wote na ya kwetu imefaulisha robo tatu. Kesho yake asubuhi yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, anataka uhamisho. Niko kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali na nimeyaona haya vya kutosha, kwa hiyo nimeona nifungue uzi tujadili kwa utulivu. Hoja yangu ni moja tu: asilimia ya ufaulu inaeleza waliofika chumba cha mtihani walifanyaje. Shule inafundishaje, hilo haikuambii mpaka uiweke kando ya idadi ya walioandikishwa na uwajue watoto wenyewe ni akina nani.

Tuanze na mtihani. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Kila somo alama 50, jumla 300. Aliyepata 121 kwenda juu yuko C au zaidi, amefaulu. Maana yake mtoto wa 122 na mtoto wa 285 wanahesabika sawasawa kwenye ile asilimia. Shule inaweza kufaulisha 95 kwa mia na karibu wote wakawa C za kuponea. Nyingine ikafaulisha 85 na nusu yao wakawa na A na B. Ndiyo maana ukifungua matokeo, anza na wastani wa shule ulioandikwa pale juu, halafu shuka uone mgawanyo wa madaraja. Kama una mtoto unayemwotea Ilboru, Kibaha, Msalato au Kilakala, zile sekondari za serikali za vipaji maalumu, C za kuponea hazikuhusu kabisa.

Sasa nije kwenye kiini. Chukua mfano wa kubuni, msiniulize ni shule gani. Shule ya kwanza iliandikisha darasa la kwanza watoto 100. Miaka saba baadaye wakakaa kwenye mtihani 58, wakafaulu 56. Hiyo ni asilimia 96.6, watu wanapiga vigelegele. Shule ya pili nayo iliandikisha 100, wakafanya mtihani 91, wakafaulu 73. Asilimia 80.2, wazazi wananuna. Lakini rudi getini siku ya kwanza: kati ya mia walioingia, shule ya pili imewavusha 73 na ya kwanza 56. Wale 42 waliopungua kwenye shule ya kwanza wako wapi? Baadhi wamehama na wazazi, hilo ni halali. Baadhi wamekariri darasa la nne. Baadhi wako machungani, kwenye mialo, kwenye machimbo, au wameolewa. Hakuna hata mmoja wao anayeonekana kwenye ule ukurasa wa matokeo.

Kuna ushahidi wa kitaifa wa jambo hili na haujadiliwi sana. Michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, darasa la kwanza lilifurika nchi nzima, wakiwemo watoto wakubwa waliokuwa wamekaa nyumbani. Kundi lile lilifika darasa la saba mwaka 2022. Mwaka 2021 waliofanya mtihani walikuwa 1,107,460 na ufaulu ulikuwa asilimia 81.97. Mwaka 2022 walifanya 1,348,073 na ufaulu ukashuka hadi 79.62. Kwenye vijiwe ilisemwa elimu imeporomoka. Sasa hesabu vichwa: 2021 walifaulu 907,802, na 2022 wakafaulu 1,073,402. Watoto 165,600 zaidi walifaulu kwenye mwaka ulioitwa wa kuporomoka. Wengi wao, bila ile 2016, pengine wasingeshika kalamu kabisa.

Karibuni kwa hoja. Matusi peleka kule jukwaa la michezo.

Kondakta Msomi

Naweka kiti hapa. Wanaosema serikalini hakuna watoto wenye akili waje na wao.

Mama Wawili

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na hesabu yako nimeielewa, lakini naomba nikupinge kidogo. Mimi mwanangu anaingia darasa la tatu Januari. Siwezi kungoja miaka saba nione kundi lake limevushwa wangapi. Ninachokiona leo ni chumba kimoja chenye watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, na daftari linalosahihishwa mara moja kwa wiki kama lina bahati. Unaposema shule yenye watoto wengi isihukumiwe kwa asilimia, ni sawa, lakini wingi wenyewe ndio tatizo ninalolikimbia. Mwanangu hasomi kwenye wastani, anasoma kwenye lile dawati.

Mjumbe wa Kamati

Mama Wawili, hapo umenishika pazuri wala sikupingi. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na chumba kimoja kwa hao hao 45. Elimu ya awali ni 25. Vyoo, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukienda shule yoyote hesabu hivi vitu vinne na utajua zaidi ya unavyojua kwa kusoma matokeo. Ninachokataa ni mzazi kusema "walimu wa pale hawafundishi" wakati kila mmoja wao amebeba madarasa mawili na nusu.

Ticha wa Takwimu

Habari zenu. Nimefundisha shule za msingi tatu tofauti, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mwalimu wa takwimu, kwa hiyo niruhusuni niwafungulie jikoni.

Idadi ya wanafunzi siyo namba ya kupamba ukuta. Fedha ya uendeshaji inakokotolewa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 inafika shuleni na 4,000 inabaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu. Fanyeni hesabu. Shule ya watoto 400 inapata milioni 2.4 kwa mwaka mzima: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, utawala. Shule ya watoto 2,000 inapata milioni 12 na bado haitoshi, ila walau inaweza kununua toni ya mashine ya kudurufu bila kupitisha bakuli.

Sasa mnaona kishawishi kilipo. Ukiandika wengi, fedha inaongezeka. Uhakiki uliofanyika mwaka 2016 uliibua wanafunzi hewa kwa maelfu, na tangu hapo mambo yamekazwa. Siku hizi kila mtoto ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na akihama anahamishwa kwenye mfumo: shule atokako inamwachia, shule aendako inampokea. Mzazi anayemchukua mtoto kimyakimya na kumpeleka kwa bibi yake bila uhamisho anatuachia jina linaloning'inia. Kwenye karatasi bado yupo, kwenye daftari la mahudhurio ni sifuri mstari mzima, na mwisho wa yote anaitwa mtoro wakati anasoma vizuri tu mkoa mwingine. Ndugu mjumbe, kwa hiyo wale 42 wa mfano wako, sehemu yao ni wa aina hii. Usiwapeleke wote machungani.

Jingine ambalo wazazi hawalioni ni darasa la nne. Pale kuna upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango anakariri. Shule inayokaza sana pale itakuwa na darasa la tano jembamba, na darasa la saba jembamba zaidi, halafu ufaulu mzuri. Shule inayowavusha kwa huruma itakuwa na darasa la saba nene na ufaulu wa kawaida. Nimefundisha zote mbili. Sisemi ipi ina haki.

Mwanafunzi wa Takwimu

Nashukuru Ticha amegusa hilo, maana kuna utafiti unaoingia hapa moja kwa moja. Mnakumbuka Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali wa 2013? Moja ya mikakati yake kwenye elimu ilikuwa kupanga shule zote za msingi kwa wastani wa mtihani wa darasa la saba, kitaifa na kiwilaya, na kuzitangaza. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizojikuta mkiani kwenye wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Lakini walipoangalia upande wa idadi, wakakuta shule hizo hizo zimepunguza wanafunzi wa darasa la mwisho wanaofika kwenye mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya kupanda ilitoka kwenye kuwabana walio dhaifu wasifike.

Na wala hapakuwa na zawadi wala adhabu ya fedha. Ilitosha afisa elimu kujua nani wa mwisho wilayani kwake. Ndiyo maana mimi binafsi sikusikitika NECTA walipoacha kutangaza zile shule kumi bora. Kama unapimwa kwa asilimia, kuna njia mbili za kuiongeza: kuongeza walio juu ya mstari au kupunguza walio chini yake. Ya pili ni rahisi zaidi, na haihitaji chaki.

Kondakta Msomi

"Haihitaji chaki." Hii naandika kwenye kioo cha nyuma cha daladala.

Mzazi wa Pembezoni

Niongezee upande ambao mjumbe aliutaja kwa mstari mmoja akaupita: watoto wenyewe ni akina nani. Mimi naishi eneo la wafugaji. Mtoto anafika darasa la kwanza hajui Kiswahili, lugha ya nyumbani ni nyingine kabisa. Mwaka wa kwanza wote anajifunza kusikia kabla ya kujifunza kusoma. Darasa la pili anapimwa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili sawa na mtoto wa Kariakoo aliyezaliwa ndani ya lugha. Halafu mnalinganisha asilimia.

Nchi yetu haiandiki kabila la mwanafunzi kwenye takwimu, na mimi naunga mkono. Hata sensa ya watu iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967. Lakini matokeo ya uamuzi huo mzuri ni kwamba ukisoma takwimu za shule huwezi kujua kuwa watoto 8 kati ya 10 wa darasa fulani wanasomea kwa lugha ya pili. Unaona tu kuwa wamefeli.

Ticha wa Takwimu

Mzazi wa Pembezoni, umesema kweli tupu. Tunachojaza kwenye fomu ni jinsi, umri, yatima, na ulemavu kwa aina zake: wasioona, uoni hafifu, viziwi, wenye ualbino, ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili. Lugha ya nyumbani hakuna. Kipato cha mzazi hakuna. Umbali kutoka nyumbani hakuna, wakati mimi nikiulizwa nitaje kitu kimoja kinachoharibu mahudhurio wakati wa masika nitataja mto usio na daraja.

Halafu angalieni shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Inapokea watoto wenye mahitaji kutoka kata nne au tano, inawasajili mtihani kama inavyotakiwa. Baadhi wanafanya vizuri kuliko wenzao, baadhi wanahitaji muda zaidi. Wastani wa shule unaweza kushuka. Ukurasa wa matokeo haukuwekei alama kwamba shule hii ina kitengo na ile ya jirani haina.

Bibi wa Mjini

Na wavulana je? Nimeona mara nyingi kwenye taarifa za NECTA wasichana wanaosajiliwa darasa la saba ni wengi kuliko wavulana. Mwaka 2022 wasichana walikuwa kama asilimia 52. Miaka yetu ilikuwa kinyume, tulipigiwa kampeni tupelekwe shule. Hawa watoto wa kiume wanapotelea wapi?

Mjumbe wa Kamati

Bibi, shikamoo. Inategemea na mahali. Penye ziwa wanapotelea kwenye dagaa, penye dhahabu kwenye mashimo, penye ng'ombe kwenye ng'ombe. Mvulana wa miaka kumi na tatu anayeweza kurudi na shilingi elfu tano jioni, kumshawishi akae mpaka Septemba afanye mtihani ni kazi. Kwenye ofisi ya mwalimu mkuu kuna ubao wa takwimu ukutani wenye safu za ME (wavulana), KE (wasichana) na JML (jumla) kwa kila darasa. Usome kutoka darasa la kwanza kushuka la saba. Kama ME inaanza sawa na KE na kufika chini imekuwa nusu, shule hiyo ina jambo la kueleza, hata kama ufaulu wake unang'aa.

Bibi wa Mjini

Marahaba. Nitakwenda kuuona huo ubao. Wajukuu wananisomea tarakimu.

Fundi Ramani

Tahadhari kwenye kusoma huo ubao, lakini. Miaka hii shule mpya zimejengwa nyingi kupitia BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za awali na msingi, na nyingine zimezaliwa kwa kuigawa shule kongwe iliyofurika. Shule mama ilikuwa na watoto 2,400, ikamegwa, ikabaki na 1,300. Mtu asiyejua atasema wazazi wameikimbia. Wakati mwingine madarasa ya chini ndiyo yanayohamishiwa shule mpya na la saba linabaki, kwa hiyo ubao unakuwa na kichwa kidogo na miguu mikubwa. Mwaka mmoja au miwili baada ya mgawanyo, linganisho lolote la idadi ni kelele.

Na shule mpya yenyewe, matokeo yake ya kwanza yana watahiniwa 20 au 30. Mtoto mmoja akiugua siku ya mtihani, ufaulu unayumba kwa pointi tatu hadi tano. NECTA walikuwa wanatenganisha makundi, watahiniwa 40 au zaidi upande wake na chini ya 40 upande wake, na sababu ni hiyo. Shule ndogo huonekana juu kabisa na chini kabisa ya orodha kuliko shule kubwa, kwa bahati tu. Kwa hizo tazameni miaka mitatu kwa pamoja.

Mkaazi wa Ng'ambo ya Barabara

Mnazunguka sana. Pelekeni watoto mchepuo wa Kiingereza mambo yaishe.

Mwanafunzi wa Takwimu

Mkaazi, hata huko swali ni lile lile. Shule za mchepuo, za binafsi na hata zile chache za serikali kama Olympio, zinachagua kwa usaili au kwa uwezo wa mzazi kulipa, mara nyingi kwa vyote viwili. Ukichuja mlangoni, ufaulu mkubwa mwisho wa safari haushangazi. Cha kushangaza ni shule ya kata isiyomkataa mtu, isiyochagua, inayochukua mtoto wa mpika pombe na wa mchungaji, halafu ikafika wastani wa 180. Zipo. Hizo ndizo ningeenda kulala pale niwaulize wanafanyaje.

Mama Wawili

Sawa, nimewasikiliza wote na nimeanza kulainika. Lakini nipeni kitu cha kufanya. Nikienda Jumatatu niulize nini? Sitaki kufukuzwa kama mkaguzi.

Ticha wa Takwimu

Hufukuzwi, mwalimu mkuu mzuri anapenda mzazi anayeuliza. Omba kuonana na mwalimu wa taaluma. Mwulize waliosajiliwa darasa la saba mwaka jana walikuwa wangapi na walipokuwa darasa la tatu walikuwa wangapi. Darasa la tatu ni bora kuliko la kwanza kwa sababu vurugu za uandikishaji zimeshatulia. Mwulize matokeo ya darasa la nne kwa somo la Hisabati na Kiingereza, siyo wastani wa jumla, maana hayo mawili ndiyo yanayowaangusha watoto nchi nzima na Kiswahili huwa kinayafichia aibu. Halafu mwombe akuoneshe daftari la mahudhurio la darasa la mwanao, ukurasa wa mwezi wenye mvua. Mimi nikioneshwa ukurasa huo tu nakuambia mengine yote.

Ukishatoka hapo, pita darasani ufungue daftari la mtoto yeyote wa katikati ya chumba. Usichague la mbele. Tazama tarehe ya mwisho kusahihishwa.

Mzazi wa Pembezoni

Na uliza kama wanapata chakula cha mchana. Kwetu uji ulipoanza, mahudhurio ya mchana yalibadilika wiki hiyo hiyo. Hakuna somo lililobadilika.

Fundi Ramani

Mama Wawili, jambo la mwisho kwa upande wangu, linalohusu umri wa mwanao. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza nao darasa la tatu mwaka huo wanafika darasa la sita 2027, mwaka ambao darasa la saba la mwisho nalo linamaliza. Vikundi viwili vinatoka mwaka mmoja na vyote vinahitaji nafasi kidato cha kwanza 2028. Mwanao yuko nyuma ya hao, hivyo ataukwepa msongamano wenyewe, lakini ukilinganisha shule yako kabla na baada ya 2027 utakuwa unalinganisha mitihani miwili tofauti ya watoto wa umri tofauti. Hapo nawahakikishia kijiwe kitakuja na tafsiri zake.

Mama Wawili

Asanteni. Naenda Jumatatu, na kwanza naenda ile shule yenye ufaulu mdogo, niliyokuwa naikimbia. Nikipata zile namba za darasa la tatu nitazileta hapa bila jina la shule, Mwanafunzi wa Takwimu anifanyie hesabu.

Mwanafunzi wa Takwimu

Zilete pamoja na waliohamia na waliohama. Bila hizo mbili sianzi.